N-Gage: Simu Iliyotaka Kuing'oa Game Boy

Leo, Oktoba 7, ni kumbukizi ya siku ambayo Nokia, enzi hizo ikitamba kwa simu duniani kote, iliingia ulingoni kupambana na Nintendo. Silaha yake iliitwa N-Gage: simu na mashine ya gemu katika kasha moja. Ilikuwa mwaka 2003.

Nintendo haikuwa mpinzani wa kuchezea. Tangu 1989 mashine yake ya mkononi, Game Boy, yenye kioo kisicho na rangi na betri ndogo nne, ilikuwa imezizika Atari Lynx na Sega Game Gear, zote za rangi, zote zikila betri sita kwa saa chache tu. Nokia ikaja na bei ya dola 299. Game Boy Advance SP iliuzwa dola 99.

Bei ilikuwa aibu ndogo. Kubwa ni kwamba ukitaka kubadili gemu ulifungua mfuniko wa nyuma, ukachomoa betri, ndipo ukapachika kadi. Spika ya kusikilizia nayo iliwekwa ubavuni, hivyo ukipigiwa uliisimamisha simu kwa ukingo wake, kama mtu aliyebandika sambusa shavuni. Watu wakaanza kujipiga picha wameweka makorokoro ya kila aina sikioni na kuzisambaza mtandaoni.

Kisha ukazuka ugomvi wa takwimu. Nokia ilitangaza kuuza N-Gage 400,000 kwa wiki mbili. Wachunguzi wa soko wakajibu kuwa Marekani hazikuzidi 5,000, na Uingereza hata elfu moja hazikutimia. Siri ilikuwa kwenye hesabu: Nokia ilihesabu zilizopelekwa madukani, si zilizoondoka na wateja. Kabla mwezi haujaisha, maduka makubwa ya gemu Marekani yalishapunguza bei kwa dola 100.

N-Gage QD ya 2004 ilirekebisha sikio na kadi, lakini mwaka huohuo Nintendo ikatoa mashine mpya ya mkononi, DS, na Sony ikatoa yake, PSP. Leo wanaogombania viganja vyetu ni Steam Deck na Switch 2.

Kwangu mimi, kichekesho kipo kwingine. Mwaka uleule wa 2003, Nokia ileile ilitoa 1100, kitochi chetu, chenye gemu ya nyoka isiyohitaji kadi wala kuchomoa betri. Viliuzwa zaidi ya milioni 250.