Picha za Gulwe zimeniponyoka

Wadau, juzi nilikuwa Gulwe, wilayani Mpwapwa, kwenye ile reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Nilipiga picha alama ya tope kwenye nguzo ya daraja, inayoonyesha maji yalipofika. Kila picha ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000. Nilikotakiwa kuzituma mwisho ni kilobaiti 500, nikazipunguza hadi 800 kwa 600. Piga hesabu: kutoka pikseli milioni 12 zimebaki 480,000, yaani moja kati ya 25. Kibaya zaidi, nikahifadhi kwa jina lile lile. Za awali zikafutika. Alama haionekani tena!

Tatizo hili lina historia. JPEG, iliyotoka mwaka 1992, hupunguza uzito wa picha kwa kutupa yale ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Yakishatupwa hayarudi. Sisi tuliizoea kwa shida: kabla ya kebo ya SEACOM kufika Dar mwaka 2009, kutuma picha nzito pale intaneti kafe kulikula saa nzima, na saa inalipiwa.

Mwishoni mwa mwaka huo huo mafuriko yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Picha nilizozipata mtandaoni ni ndogo kama stempu. Ukizikuza, mataruma na tope ni kitu kimoja.

Jamani, punguza nakala, picha yenyewe usiiguse. Mimi narudi Gulwe, nikiomba mvua isinitangulie.

Tuko pamoja.