Kabla Mota Haijaungua

Hadi mwaka 2018 Songea ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Mji uliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, mafuta yakisafirishwa kwa malori, kisha ukasaidiwa na maji ya mto Ruvuma pale Tulila, mtambo wa masista Wabenediktini wa Chipole. Jenereta ikigoma, mtaa mzima ulijua usiku huohuo.

Kwa mashine yoyote inayozunguka, iwe jenereta au mota, kifaa kikongwe cha kutambua ubovu mapema ni bisibisi ndefu. Fundi hugusisha ncha kwenye kava la beringi na kuweka mpini sikioni. Beringi nzima hunguruma sawasawa, iliyochubuka hukwaruza. Sikio lina haki ya kusifiwa, maana uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa beringi ndiyo inayoongoza kwa kuharibu mota kubwa.

Lakini sikio halisikii koili ambayo kinga ya nyaya zake inachoka. Mwaka 1889 Mwingereza Sydney Evershed alitengeneza kipimo cha kubebeka cha kupima kama kinga ya nyaya bado inazuia umeme kuvuja. Ndicho kilichozaa Megger, jina lililosajiliwa mwaka 1903 na linalotajwa na mafundi wetu hadi leo. Mwaka 1939 T. C. Rathbone akachapisha viwango vya mtikisiko unaovumilika. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya bima: waliolipia mitambo iliyovunjika ndio waliotaka kujua mapema. Miaka ya 1980 wataalamu wakaanza kusoma ubovu ndani ya umeme wenyewe. Vyuma vya rota, sehemu ya mota inayozunguka, vikikatika, mkondo wa hezi 50 huota vijiwimbi pembeni, mathalani kwenye 47 na 53, na mota haihitaji hata kuzimwa.

Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, takribani kilomita 250, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilizima jenereta za Songea. Hatari imehamia kwenye mota za mashine za kusaga. Fezi moja kati ya tatu ikikatika, mota hung'ang'ania kuzunguka kwa mbili zilizobaki hadi koili inaungua, na gharama ya kuisuka upya humwangukia mwenye kinu.

Mwenye mashine, mwite fundi kabla ya msimu wa mahindi. Apime kinga kwa Megger, alinganishe mkondo wa fezi zote tatu, na umwombe aandike namba hizo ukutani.