Maji Salama na Usafi wa Mazingira: Mafunzo Kutoka Nchi Tatu

Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kuwa maji salama na huduma za usafi ni haki ya binadamu. Baba Mtakatifu Francisko alitilia mkazo haki ya maji salama katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si’” wa mwaka 2015, namba 30, kwa sababu uhai wa mtu unategemea maji. Lakini kuwafikishia watu maji ni mwanzo tu. Maji hayo yapaswa kupimwa, kulindwa, na wenye kuyatumia kusikilizwa.

Nchini Bangladesh, tangu miaka ya 1970, vilichimbwa visima vingi vya pampu ili wananchi waache maji ya madimbwi yaliyowaletea magonjwa ya kuhara. Visima hivyo havikupimwa aseniki, sumu ya asili iliyomo ardhini. Iligunduliwa mwaka 1993, wakati mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuinywa. Baadaye pampu zilipakwa rangi: nyekundu kwa zenye hatari, kijani kwa zilizo salama.

Nchini Haiti, Oktoba 2010, kipindupindu kilizuka baada ya maji taka ya kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa kuingia katika kijito kinachotiririkia mto Artibonite. Watu wapatao 10,000 walifariki dunia. Wengi walitegemea maji ya mto, tena bila vyoo bora. Umoja wa Mataifa uliomba radhi mwezi Desemba 2016.

Nchini Marekani, mji wa Flint ulianza kutumia maji ya Mto Flint Aprili 2014 pasipo dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakatoka katika mabomba ya zamani. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Chanzo kilibadilishwa Oktoba 2015.

Kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu, bali hakuondoi aseniki wala risasi. Kwa hiyo, penye kila mradi wa maji, jumuiya inayo haki ya kuuliza: Maji yalipimwa lini, na kwa sumu zipi? Maji taka yanaishia wapi? Malalamiko yapelekwe kwa nani? Majibu yapaswa kupatikana kabla mtoto hajajaza kikombe.