Kupaa kwa tumbusi

Kupaa bila kupiga mabawa ni namna ya kuruka ambapo ndege hutandaza mabawa na kuiachia hewa inayopanda imwinue. Tai, korongo na mwari huruka hivyo, lakini katika mbuga za Afrika Mashariki hakuna ndege ambaye maisha yake yameshikamana na mruko huu kama tumbusi.

Nguvu yake hutoka kwenye jua. Ardhi kavu na miamba hupata joto upesi; hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapanda kama nguzo. Tumbusi huzunguka ndani ya nguzo hiyo akiinuka, kisha huteleza mbali hadi nguzo nyingine, aanze tena. Kwa hiyo alfajiri humkuti angani: yuko mtini au jabalini, akisubiri ardhi ipate moto. Juu ya bahari nguzo za namna hii ni haba, na korongo weupe watokao Ulaya huizunguka Mediterania kupitia Gibraltar au Bosphorus.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa Uingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata tumbusi wa Serengeti angani kwa nyiririko (eropleni ya kuteleza hewani) yenye injini ndogo. Tumbusi wa Rüppell wanaotaga kwenye majabali ya milima ya Gol huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kutafuta mizoga, kisha wakarudi kulisha kinda. Lau wangepiga mabawa njia nzima, safari ingewagharimu mno. Simba mwenye watoto wachanga hawezi kuuandama msafara wa nyumbu wanaohama. Tumbusi mwenye kinda anaweza, na hapo ndipo ubora wa mruko huu unapodhihirika. Mruko huu huweza pia kuwafikisha juu sana: tarehe 29 Novemba 1973, ndege ya abiria ilimgonga tumbusi wa Rüppell juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, kwenye kimo cha futi 37,000.

Wakiwa juu, tumbusi huchungana. Mmoja akishuka, wa mbali humwona na kumfuata, hata mzoga mmoja ukakusanya makumi yao. Desturi hiyo sasa inawaangamiza, kwani mzoga uliotiwa sumu huua kundi zima. Wafugaji huitega sumu kwa ajili ya simba na fisi. Majangili huwalenga tumbusi wenyewe, maana wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa.