Hatua ya safu: pale mstari wima unapolala mshazari

Programu ndogo inachora mstari mmoja mwekundu, wima, katikati ya skrini. Kwenye kompyuta ya mezani mstari unasimama kama ulivyokusudiwa. Programu ileile ikihamishiwa kwenye bodi ndogo ya Linux iliyounganishwa na skrini nyingine, mstari unalala mshazari, unapotelea kushoto, kisha unazuka kulia na kuendelea kuteremka. Hesabu ya kuchora haina kosa. Kilichokosewa ni kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wanaozungumza Kiswahili hukiita kwa Kiingereza, au hukichanganya na upana. Makala haya yanapendekeza kiitwe hatua ya safu.

Picha inayoonekana kwenye skrini hukaa kwanza katika eneo la kumbukumbu linaloitwa bafa ya fremu. Wazo hilo lina umri. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox PARC huko California, Richard Shoup aliunda SuperPaint, mfumo wa kuchora uliohifadhi picha ya pikseli 640 kwa 480, kila pikseli biti 8. Picha moja ilimeza baiti 307,200. Leo bodi yenye skrini ya 800 kwa 480, kwa biti 16 kila pikseli, huhitaji baiti 768,000. Kidhibiti cha skrini huzipitia baiti hizo zote, kwa kawaida mara 60 kila sekunde, na kuzigeuza kuwa rangi.

Lakini kumbukumbu haijui safu. Ni baiti zinazofuatana tu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ili kufika mwanzo wa safu ya pili, lazima ijulikane idadi ya baiti za kuruka kutoka mwanzo wa safu ya kwanza, na idadi hiyo ndiyo hatua. Wengi huipata kwa kuzidisha upana kwa baiti za pikseli, na mara nyingi bahati huwabeba: 800 mara 2 ni 1,600, nambari inayogawanyika kwa 64 bila baki. Sasa ichukuliwe skrini ya 1366 kwa 768. Upana wake mara 2 ni 2,732, na hapo kuna baki. Kidhibiti kinachotaka kila safu ianzie kwenye kigawe cha 64 huongeza baiti 20 za kujazia, na hatua huwa 2,752. Programu isiyo na habari hiyo huanza kila safu mapema kwa pikseli 10 zaidi ya safu iliyotangulia. Mstari uliokuwa katikati husogea kushoto pikseli 10 kwa kila safu, na baada ya safu 68 hivi unagonga ukingo.

Ndiyo maana neno "upana" halifai hapa. Upana huhesabiwa kwa pikseli na jicho huuona wote. Hatua huhesabiwa kwa baiti na ndani yake mna baiti ambazo hazitaonekana kamwe. Linux yenyewe haina jina moja: mfumo wa zamani wa fbdev huiita line_length, na mfumo wa DRM uliochukua nafasi yake huiita pitch. Kutafsiri jina la kwanza kuwa "urefu wa mstari" kunarudisha mkanganyiko uleule, kwa sababu msomaji atafikiria mstari anaouona. "Hatua" inataja mwendo wa kutoka mwanzo hadi mwanzo, na programu haihitaji zaidi ya hapo.

Tiba ni kuacha kukisia. Kwa fbdev, programu hufungua /dev/fb0 na kukiuliza kiini cha Linux kwa ombi la FBIOGET_FSCREENINFO. Kwa DRM, hatua hurudishwa pale bafa inapoundwa. Mahali pa pikseli ni namba ya safu mara hatua, kisha huongezwa namba ya pikseli ndani ya safu mara baiti za pikseli.

Si kila kasoro ni ya hatua. Picha iliyobanwa nusu ya kushoto, rangi zake zimevurugika, huashiria programu inayoandika biti 16 kwenye bafa ya biti 32. Picha inayochanika katikati wakati kitu kinakwenda kasi imechorwa huku ikisomwa. Hiyo hutaka bafa mbili zinazopokezana. Nyekundu na buluu zikibadilishana nafasi, mara nyingi ni mpangilio wa biti, ila katika bodi ya BeagleBone Black suala ni zito zaidi. Chipu yake ya AM335x, iliyotengenezwa na Texas Instruments, hupanga rangi hizo mbili kwa namna moja katika biti 16 na kwa namna nyingine katika biti 24. Aliyesanifu bodi alilazimika kuchagua nyaya zifuate upande upi, na kiendeshi cha Linux kikawekewa kigezo cha blue-and-red-wiring ili kiambiwe nyaya zimenyooka au zimepishana. Kurekebisha programu ya kuchora hakutaponya ugonjwa ulio kwenye waya.

Ipo pia hali ya kiendeshi chenyewe kutoa nambari isiyo ya kweli, hasa kwa skrini iliyosanidiwa kwa mkono. Hapo mshazari unakuwa shahidi mzuri. Huchorwa mstari wima wa pikseli moja, hupimwa umesogea pikseli ngapi baada ya safu 10, na jibu hugawanywa kwa 10, kisha huzidishwa kwa baiti za pikseli. Ukisogea kushoto, baiti hizo huongezwa kwenye hatua iliyotumika. Ukisogea kulia, huondolewa.