Fedha ya Maji

Zebaki niliiona mara ya kwanza Kemondo, jikoni kwa bibi. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa ametokea machimbo ya Geita na kichupa mfukoni. Akanimwagia tone kiganjani: jeupe, zito, linateleza utadhani lina roho. Nikacheka. Kisha akaweka donge la kijivu kwenye kikaango, akachochea moto. Zebaki ikaondoka kimya kimya na mvuke, dhahabu ikabaki inang'aa. Jioni ile ile bibi akakaangia senene humo humo.

Nilipokua nikaanza kuisoma. Kumbe haina mvumbuzi. Imekutwa hata kwenye makaburi ya Misri ya miaka kama 1500 kabla ya Kristo. Wataalamu walibishana kama ni metali kweli, mpaka Desemba 1759, kule St. Petersburg, Braun na Lomonosov walipoigandisha kwa baridi kali, wakaigonga kwa nyundo, ikakubali kufuliwa. Alama yake, Hg, inatokana na jina lenye maana ya fedha ya maji.

Uzuri wake uliwahi kuonekana. Sumu yake ikachelewa. Minamata, Japani, mwaka 1956, iligundulika rasmi kuwa watu wanatetemeka na kupotewa na kauli, paka wakirukaruka kama wenye wazimu. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki baharini. Samaki waliila, watu wakala samaki. Umwagaji ule uliachwa 1968!

Daktari wa wagonjwa hao, Masazumi Harada, na wenzake walipima pia nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Matokeo yalichapishwa 1999. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi hawakuipata kwenye dhahabu, bali kwenye sabuni za kung'arisha ngozi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Sawa, lakini jikoni kwetu nani aliusoma?

Likizo iliyopita nikamwuliza bibi kile kikaango kiko wapi.

"Waitu mjukuu wangu, si hicho hapo? Hakijatoboka, nikitupe kwa nini?"

Nikamnunulia kipya. Cha zamani nimekifunga kwenye mfuko, kipo stoo. Nikikitupa ziwani, samaki watakula. Nikikizika migombani, tutakula sisi. Niambie, msomaji: nikipeleke wapi?