Kamera Ilipoingia Uani

Picha za kale za pwani yetu karibu zote zimepigwa upande wa mbele wa nyumba. Utaona milango ya nakshi, mabaraza, bandari, majahazi yametia nanga, na wachuuzi waliosimamishwa njiani wakaambiwa watulie. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alikuja huku na mtambo wa kupigia picha katika safari yake ya 1846 hadi 1848, wakati ufundi wenyewe ulikuwa haujatimiza hata miaka 10 tangu utangazwe Paris mwaka 1839. Baadaye Unguja ikapata studio zake. Mgoa A. C. Gomes alifanya kazi hiyo pale katika karne ya 19, wakaja na akina Coutinho, na kadi zao za posta zikavuka bahari hadi Ulaya. Kadi hizo nazipenda, na nilipokuwa mwalimu nilizitumia kufundishia. Lakini ndani yake sijapata kuona mahali nilipolelewa, yaani uani.

Nyumba za Ngamiani, hapa Tanga, nyingi zimejengwa kwa ramani moja. Kutoka barazani unaingia ukumbini, vyumba viko kulia na kushoto, na mlango wa mwisho unakutoa uani. Huko ndiko kwenye jiko, kisima, choo, kamba za nguo, kinu na mchi, kuku na wanawake. Mwanamume asiye wa nyumba hupiga hodi barazani na huishia hapo hapo. Mpiga picha naye alikuwa mwanamume asiye wa nyumba. Ndiyo maana vizazi kadhaa vya watu wa pwani walipigwa picha bila kamera kuuvuka ukumbi.

Mwanamke aliyetaka picha alilazimika kutoka yeye. Alijitanda buibui, akafuatana na kaka au shangazi mpaka studio. Majina ya mafundi hao tunayajua na yanastahili kutajwa: Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, Parekh aliyekuwa na studio Mombasa tangu miaka ya 1940, na Omar Said Bakor wa Lamu aliyejua kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Walikuwa wasanii. Lakini kazi ya studio ilikuwa kukutoa nyumbani. Nyuma yako walitundika pazia lililochorwa bustani au ngazi za kasri, mezani wakakuwekea maua ya plastiki, mkononi ukashika saa au redio. Mama yangu ana picha ya namna hiyo. Kaegemea meza yenye chombo cha maua ya bandia, na siku hiyo, kama alivyotusimulia mara nyingi, alikuwa ameacha kwao kichaka cha asumini kimechanua kiasi kwamba ua zima lilinukia.

Asumini ile tunayo kwenye picha nyingine, ndogo, yenye kingo nyeupe zilizokatwa kama mawimbi. Hiyo ilipigwa na mama mdogo.

Mama mdogo aliolewa Mombasa na mtu wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na miaka ya mwisho ya 1950 alirudi kutusalimia amebeba kamera ya sanduku. Ilikuwa Kodak Brownie namba 2, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1901, na yeye aliipata ikiwa tayari imeshapita mikononi mwa watu. Kampuni ya George Eastman ilikuwa imeanza kutengeneza Brownie mwaka 1900 ikiuzwa dola moja ya Marekani, makusudi hata mtoto aweze kuitumia. Sanduku lenyewe ni la karatasi ngumu lililovikwa ngozi ya bandia. Mkanda wake, ule wa namba 120, ulitoa picha 8 tu, na kila picha ilisafishwa ikabaki na ukubwa ule ule wa negativu, sentimita 6 kwa 9.

Namna kamera hiyo inavyofanya kazi ndiyo iliyotuhifadhia ua wetu. Huiweki jichoni. Unaishika tumboni, unainama na kutazama kikioo kidogo kilicho juu, ambamo kulia kunageuka kushoto. Kwa hiyo inaona dunia kutoka kimo cha tumbo la mtu mzima, yaani kimo cha mtoto. Kwenye picha za mama mdogo sisi watoto tunaonekana kwa urefu wetu wa kweli, macho kwa macho, na kuku wamekuwa wakubwa. Tena lenzi yake haisogezwi. Ukimkaribia mtu anatoka na ukungu, hivyo lazima urudi nyuma hatua nne tano. Namsikia bibi akimwambia, "Rudi nyuma mwanangu, utatukata vichwa!" Naye anarudi, anarudi, mpaka mgongo unagota ukuta wa choo. Watu wanatoka wadogo katikati ya picha, na kuwazunguka ukaingia ua mzima: tenga la kuku, ungo umeegemezwa, debe la maji, mbuzi ya kukunia nazi, majani ya mrehani kwenye kopo la samli. Mama mdogo aliwalenga watu. Kamera ikambebea na vyombo.

Namshukuru Mungu kwa ufinyu wa lenzi ile. Leo nikitaka kujua bibi alipika kwa mafiga mpaka lini, naangalia picha. Nikitaka kujua lini makuti ya paa la jiko yalibadilishwa yakawekwa madebe yaliyokunjuliwa, naangalia picha. Nyuma hazikuandikwa tarehe, basi nimejifunza kuzisoma kwa njia nyingine. Kanga zinasaidia. Kuna kanga za Mombasa zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina lililoanza biashara mwaka 1887. Hizo zilivaliwa miaka mingi mno na peke yake hazitoshi kupanga mwaka. Ila nikiona kanga ya Urafiki najua tuko baada ya 1968, mwaka kiwanda kile cha Dar es Salaam kilipofunguliwa. Miti ni mashahidi wazuri zaidi. Mkomamanga uliokuwa karibu na kisima ulikatwa mwaka 1972 jiko lilipopanuliwa, na mahali pake ukaota mpapai ambao hakuna aliyeupanda. Picha yenye mkomamanga ni ya kabla, yenye mpapai ni ya baada. Mwarobaini ulikuwepo daima. Huo napima unene wake.

Kuna picha moja ya binamu yetu kutoka Dar es Salaam, amesimama kando ya mwarobaini na gauni linaloishia juu ya magoti. Ni ya mwanzoni mwa 1969. Mwezi wa kumi uliotangulia Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, na utekelezaji ulianza Januari. Barabarani gauni lile lingeweza kumletea fedheha. Uani alilivaa mchana kutwa, akachambua mchicha nalo, akapigwa picha, na hakuna aliyemsemesha isipokuwa bibi, ambaye alimwambia tu aangalie moto. Hakuna kadi ya posta wala picha ya gazeti ambayo ingeniambia hilo, kwamba katika mwaka ule kulikuwa na mahali pa gauni lile.

Na paka. Katika picha za studio hakuna paka hata mmoja, na katika picha za uani hakuna asipokuwepo. Mmoja tulimwita Kipusa, jike wa madoa, na picha zake zote zina mkia wenye ukungu, kwa sababu kilango cha kamera za sanduku kilifunguka na kufunga polepole na chochote kinachotikisika kilijichora kama moshi. Njiwa ndivyo hivyo. Babu alikuwa na tundu la njiwa juu ya ukuta, na kila aliporusha mtama mama mdogo alijaribu kuwapiga picha wakitua. Tunazo picha kadhaa ambazo babu ni wazi kabisa, mkono umenyooshwa, na mbele yake pana weupe usio na umbo. Mimi ndiye niliyebaki wa kuwaeleza wajukuu kwamba weupe ule ni njiwa.

Mbwa hatukuwa naye. Hadithi inayojulikana mno kwetu inaeleza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au yenye sanamu, na wazee wengi waliichukulia picha kuwa katika hukumu hiyo. Bibi aliiheshimu hadithi hiyo kwa dhati. Alikubali kupigwa picha uani, akiwa na shughuli yake mkononi, lakini hakukubali picha itundikwe ukutani. Zikawekwa katika mkebe wa biskuti, mkebe ukawekwa chini ya kitanda. Wengine hulaumu msimamo wa wazee kama huo. Mimi nauona ulivyotufaa: picha za watu waliozitundika kwenye kuta za chumvi na jua zimekwisha pauka, na zetu zilikaa gizani miaka yote hiyo, nyeusi yake bado ni nyeusi.

Kilichokosekana ni ndani. Brownie ilitaka jua kali, ndiyo sababu sote tumekunja nyuso. Vyumba havikuingia. Kitanda cha besera cha bibi, sanduku lake la misumari ya shaba, jiko lenyewe lenye masizi ukutani, vyote hivyo ninavyo kichwani tu. Nilipojaribu kumchorea binti yangu mpango wa chumba cha bibi, dada yangu alibisha kwamba sanduku lilikuwa upande wa dirisha. Hatuna cha kutuamulia.

Halafu mkebe una pengo. Mikanda ilikuwa ikitoka Mombasa, mama mdogo akija nayo kila alipotutembelea, na ikishajaa tuliipeleka studio ya mjini kusafishwa. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba, na katika miaka iliyofuata familia nyingi za Kihindi zikahama. Mwenye studio tuliyemzoea naye akaondoka. Bado tulikuwa na njia ya Mombasa. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni mwendo mfupi, lakini mama mdogo akawa kama yuko ng'ambo ya bahari. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Katikati hapo ndimo mlimokuwa na vita vya Uganda, foleni za sukari na sabuni, na msako wa wahujumu uchumi. Nani angetafuta mkanda wa picha wakati hata kiberiti kilikuwa cha kutafutwa? Bibi alifariki mwaka 1980. Kati ya picha yake ya mwisho, anapepeta mchele, na ile inayofuata mkebeni, ambamo ua umejaa watoto nisiowatambua upesi, hapana kitu.

Baada ya hapo picha zikawa za rangi, na nyingi. Sizipendi sana na nina sababu. Zilipigwa kwa kamera za flashi, karibu karibu, sura imejaa na nyuma pameingia giza. Keki ya kuzaliwa unaiona, ukuta huuoni. Tukazibandika kwenye zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, na gundi ile imezila. Nilipojaribu kubandua picha ya harusi ya kaka yangu, nusu ya shemeji ilibaki kwenye ukurasa. Yeyote mwenye albamu ya namna hiyo nyumbani namsihi azipige picha hizo kwa simu zikiwa bado zimo humo humo, asizing'oe, na aandike majina sasa, maadamu wapo wa kuulizwa. Nyuma ya picha za karatasi tumia penseli, usikandamize, wala usitumie kalamu ya wino.

Siku hizi wajukuu wanapiga picha uani kila dakika, na mpiga picha wa harusi anapita ukumbini na viatu vyake bila kupiga hodi. Silalamiki, angalau jiko limeingia.

Mama mdogo alifariki Mombasa. Tulipotaka picha yake ya kuweka pamoja na za wengine, tulichopata ni ya pasipoti na nyingine ya studio, kaketi mbele ya pazia la bustani. Uani, mahali alipotupiga picha sote, hayumo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika kamera ile. Katika picha mbili kuna kivuli chake mchangani, kichwa kimeinama na viwiko vimetoka nje, nami najua ni yeye kwa viwiko vile. Nimewaandikia ndugu wa Mombasa na wa Maskati wafungue mikebe yao. Natafuta picha moja yake akiwa uani kwetu, hata ikiwa na ukungu. Nyuma yake kukiwa na mkomamanga nitajua imepigwa kabla ya 1972, na kukiwa na mpapai, baada ya hapo.